Mwongozo Kamili wa Kurudisha Ari ya Mfanyakazi: Tafuta Hitaji Kabla ya Kuongeza Mshahara

Mwenye biashara ndogo akiona mfanyakazi wake amepoa, mara nyingi huwa na dawa mbili tu: kumwongezea kitu kidogo mwisho wa mwezi, au kumkumbusha kwamba wanaotafuta kazi mjini ni wengi. Nimekaa na wenye hoteli, saluni, karakana na maduka ya vipuri kutoka Nakuru hadi Kisumu, na karibu wote wamezijaribu dawa zote mbili, wakapata nafuu ya wiki mbili, kisha hali ikarudi pale pale. Wanaponitafuta tena, swali lao huwa ni lile lile: "Nimempa, na bado. Nimpe nini tena?"

Kosa limo ndani ya swali lenyewe, kwa kuwa wanaanza na kitu cha kutoa kabla hawajajua kilichopungua. Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye wafanyakazi wasiozidi kumi, anayewajua kwa sura na kwa sauti, kwa sababu sehemu yake kubwa ni mazungumzo ya ana kwa ana. Kiwanda chenye watu mia tatu kinahitaji utaratibu mwingine.

Kazi nzima huchukua takriban wiki sita. Ukitaka kuimaliza mapema zaidi utaishia kukisia, na kukisia ndiko kulikokufikisha hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo la mfukoni, ambalo halitaachwa kaunta wala kwenye droo isiyofungwa.
- Rekodi za malipo ya miezi sita iliyopita: taarifa ya M-Pesa, vocha, au kitabu cha mishahara.
- Saa moja ya mchana isiyo na wateja, na mahali pa kukaa nje ya biashara.
- Fedha za chai ya watu wawili.
- Uamuzi, uliokwisha kufanywa moyoni, kwamba hutamfukuza mtu wala kumkata mshahara kwa sababu ya neno atakalokuambia katika mazungumzo.

Hicho cha mwisho ndicho wengi hukiruka. Kama huna uhakika nacho, ahirisha. Mfanyakazi mmoja akiadhibiwa kwa kusema kweli, wenzake wote watajua kabla ya jioni, na hutapata tena jibu la kweli kutoka kwa yeyote.

Huhitaji dodoso, fomu za alama wala mtaalamu wa kukaa katikati yenu.

## Hatua ya 1: Andika unachokiona kwa siku 14, usiandike hukumu

Kwa wiki mbili, andika mambo mawili au matatu kwa siku kuhusu kazi ya mtu huyo: siku, saa, kilichofanyika au kisichofanyika, na kilichotangulia. Usiandike sifa ya mtu. "Amekuwa mvivu" ni hukumu, nayo hukumu haina mahali pa kushikia. Linganisha na hii: "Jumanne, saa nne na nusu. Wateja watatu walisubiri chapati. Unga haukuwa umekandwa. Alikuwa ameketi karibu na mlango wa stoo."

Andika pia anapofanya vizuri. Wengi husahau sehemu hii, nayo huwa na habari nyingi kuliko ile nyingine, kwa sababu saa ambayo mtu aliyepoa anachangamka ndiyo inayokuonyesha kwamba ari haijafa, ila imekosa kitu fulani katika saa zile nyingine.

Baada ya siku kumi na nne utaanza kuona mkondo. Akipoa katika kazi moja tu, huenda kazi hiyo hajaimudu na anaona haya kusema. Akipoa mbele ya mtu fulani, tazama heshima na uhusiano wao. Akipoa kuanzia tarehe ishirini hadi mshahara uingie, tazama mfuko. Akiwa amepoa kila mahali, kila saa, na kwa kila mtu, tazama afya yake na nyumbani kwake kabla ya kutazama kazi. Hizi ni dalili za kuanzia tu, na yoyote kati ya hizo inaweza kukudanganya.

Onyo: usitumie kamera kwa kazi hii, wala usimtume mwenzake amchunguze. Ukigundulika, utakuwa umeongeza kidonda cha pili juu ya kile unachokitafuta.

Utajua umefaulu ukiweza kulieleza tatizo kwa sentensi mbili zisizo na sifa hata moja ya kumpamba au kumponda mtu. Usipoweza, ongeza wiki.

## Hatua ya 2: Lipa kwanza unachodaiwa

Fungua rekodi za malipo, ujiulize maswali makavu. Mshahara umechelewa mara ngapi katika miezi sita? Kuna makato ambayo hukuyaeleza? Anapata siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyotaka? Glavu, miwani ya kuchomelea au aproni ulizoahidi zimeletwa?

Sababu ya hatua hii ilielezwa vizuri na mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake mwaka 1959, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waligundua kwamba mambo yanayomfanya mtu aichukie kazi (malipo yenye matatizo, usimamizi mbaya, mazingira mabovu) si yale yale yanayomfanya aipende. Ukiyaondoa ya kwanza, kinung'uniko kinapungua, lakini hamu ya kazi haizuki kwa sababu hiyo pekee. Usipoyaondoa, hakuna kingine kitakachosikika.

Wako wanaosoma saikolojia kidogo wakafikia hitimisho la hatari, kwamba fedha si motisha na kwa hiyo sifa zitatosha. Hilo si kweli. Mwaka 2016 Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Rarieda, katika kaunti ya Siaya, ambako kaya maskini zilipewa fedha bila masharti yoyote: walikula vizuri zaidi, mali yao iliongezeka, na hali yao ya nafsi ikawa bora. Mtu asiyejua watoto watakula nini jioni hana nafasi ya kusikiliza pongezi.

Onyo: ukilipa deni, usilipe kama zawadi. Usiwaite wote, usipige picha, usiseme "nimeamua kuwajali". Sema tu: "Hii ni yako tangu mwezi wa tatu. Nilichelewa, samahani." Mshahara uliocheleweshwa ukigeuzwa kuwa fadhila huumiza kuliko kuchelewa kwenyewe.

Utajua umefaulu ikiwa hakuna jambo la malipo, mapumziko wala usalama ambalo mfanyakazi angeweza kulitaja kwa haki, ukabaki huna jibu.

## Hatua ya 3: Fanya mazungumzo

Hapa ndipo karibu wote huanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chagua siku ya katikati ya mwezi. Ukimwita mtu tarehe 28, kodi ya nyumba itazungumza badala yake. Usichague siku aliyokosea, kwa sababu hata ukiwa mpole ataona ni kesi. Mwambie siku moja kabla, na umwambie jambo lenyewe: "Kesho saa tisa tunywe chai hapo nje, nataka kukuuliza jinsi kazi inavyokwenda." Kumwita mtu bila kumpa sababu humnyima usingizi.

Kama mfanyakazi ni mkubwa kwako kwa umri, usimwite, mwendee wewe. "Mzee, nina jambo ningependa ushauri wako" si ujanja wa maneno, kwa maana ukweli ni kwamba unatafuta ushauri juu ya kazi ambayo yeye anaifanya na wewe unaitazama tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Epuka maswali mawili. La kwanza ni "Una shida gani?" Jibu lake katika miji yetu yote ni moja: "Sina shida." La pili ni "Kwa nini umebadilika?" Neno "kwa nini" likitoka kwa mwenye mali kwenda kwa mwajiriwa huwa ni shtaka, na anayeshtakiwa hutafuta utetezi. Badala yake uliza kuhusu siku, kitu na tendo:

1. Tangu uanze kazi hapa, ni siku gani ulienda nyumbani ukiwa umeridhika?
2. Siku hiyo ilikuwa na kitu gani ambacho wiki hii haina?
3. Ni kazi gani ungeifanya kwa namna nyingine kama ungeachiwa uamuzi?
4. Ni jambo gani ukilikumbuka asubuhi, miguu inakuwa mizito?

Ukiuliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Kimya hicho kitakutesa wewe kuliko yeye, na jambo la maana kwa kawaida hutoka baada yake.

Mama mmoja mwenye hoteli karibu na soko la Kibuye, Kisumu, alinisimulia mazungumzo yake na mpishi wake jioni ya siku iyo hiyo, nami nikayaandika alivyoyasema. Tayari alikuwa amemwongezea mpishi huyo shilingi 1,000 kwa mwezi, bila mafanikio. Daftari lake la siku kumi na nne lilikuwa na maneno "karibu na mlango wa stoo" mara tano, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amelitambua hilo.

"Mama, mimi nataka tu nyongeza," mpishi alianza.

"Nimekusikia, na nyongeza tutaizungumza. Lakini niambie kwanza, tangu uje hapa, ni siku gani ulienda nyumbani ukiwa umeridhika?"

Mpishi alizungusha kikombe chake mezani kwa muda. "Ile siku uliyoenda mazishini, ukaniachia hoteli nzima. Watu walijaa. Unga ukaisha, nikafungua stoo nikatoa mwingine. Hakuna aliyeondoka bila kula."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi hata unga wa chapati kumi lazima nikungoje uje na ufunguo. Ukienda sokoni, mimi nakaa. Mteja akiuliza chapati ziko wapi, nimwambie nini, Mama?"

Ufunguo ulikuwa umechukuliwa miezi miwili kabla, sukari ilipopotea. Aliyeichukua alijulikana na akaondoka. Ufunguo haukurudishwa, hakuna aliyekataa kuurudisha, ulisahaulika tu kwenye mkoba. Kwa mwenye hoteli ulikuwa ni ufunguo. Kwa mpishi ulikuwa ni barua inayosomwa kila asubuhi mbele ya wahudumu wote, ikisema kwamba naye ni mshukiwa.

Onyo: usiahidi lolote katika kikao hiki, na usijitetee. Ukianza kueleza kwa nini ulichukua ufunguo, mazungumzo yamekwisha. Sema "nimekusikia, nipe hadi Ijumaa nikujibu", kisha umjibu Ijumaa hiyo.

Utajua umefaulu ukitoka na jambo moja ambalo hukulijua ulipoketi. Ukitoka na orodha ya mambo uliyoyajua, basi wewe ndiwe uliyezungumza.

## Hatua ya 4: Tenganisha hitaji na kitu kilichoombwa

Manfred Max-Neef, mwanauchumi wa Chile, alisisitiza jambo ambalo lingeokoa fedha za wengi: mahitaji ya binadamu ni machache na hayatofautiani sana kutoka taifa hadi taifa, kinachobadilika ni njia za kuyatosheleza. Ulinzi ni hitaji, na kufuli ni njia. Mfanyakazi huomba njia, mara nyingi ile njia ambayo haimwoneshi haya kuitaja, na nyongeza ndiyo njia isiyo na haya kuliko zote. Hakuna anayecheka mtu kwa kuomba fedha. Kusema "najisikia kudharauliwa" ni jambo jingine kabisa, hasa kwa mwanamume mtu mzima katika karakana.

Ili kuvitenganisha, jiulize, au muulize mwenyewe: "Ningekupa hiki leo, nini kingebadilika kesho asubuhi?" Mtu mwenye hitaji la fedha atajibu kwa kitu: karo, kodi, dawa za mzazi. Mtu mwenye hitaji jingine atasita, au atajibu kwa neno kama "angalau nitaona ninathaminiwa", na hapo amekuambia mwenyewe.

Kuna makundi matano ambayo huwa nayatumia, niliyoyachanganya kutoka kwa wanasaikolojia kadhaa kwa sababu hakuna orodha moja inayonitosha. La kwanza ni kujikimu na usalama, ambalo dalili yake ni kuomba advansi mara kwa mara na kuuliza tarehe ya malipo. La pili ni mafungamano: anakula peke yake, anabadilishana zamu ili asikutane na fulani. La tatu ni kuweza, yaani kuona kwamba kazi anaimudu na anazidi kuimudu. Akilikosa, huikwepa kazi ngumu au huifanya polepole ili asikosee. La nne ni uhuru wa kuamua: anangoja kuambiwa hata lile alilolifanya jana. La tano ni heshima: analinganisha, anataja miaka aliyokaa, anakumbuka kwa tarehe nani aliitwa "fundi" na nani aliitwa "kijana". La pili, la tatu na la nne ndiyo yale matatu ambayo Edward Deci na Richard Ryan wameyafanya kiini cha nadharia yao ya motisha.

Wengi wameona mchoro wa piramidi unaohusishwa na mwanasaikolojia Abraham Maslow, wakaelewa kwamba lazima umshibishe mtu chakula kwanza, kisha usalama, ndipo upande hadi heshima. Makala ya Maslow ya mwaka 1943 haina mchoro huo, na yeye mwenyewe aliandika kwamba mpangilio si mgumu hivyo, wala hitaji moja halingoji lililotangulia litoshelezwe lote. Kwa hiyo usiseme "huyu ni kibarua, mambo ya heshima yatakuja baadaye". Kibarua wa shilingi 500 kwa siku anaijua dharau kama unavyoijua wewe.

Maliza hatua hii kwa kuandika sentensi moja: "Ameomba ___, kinachopungua ni ___, nimejua kwa sababu ___." Nafasi ya tatu ijazwe na neno lililotoka kinywani mwake au tukio lililomo daftarini. Ukijikuta umeandika "kwa sababu ndivyo watu wa rika lake walivyo", rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja, kinachoshikika

Chagua badiliko moja. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hata likifaulu hutajua lipi lilifanya kazi, na likiharibika hutajua lipi la kuondoa.

Kwa hitaji la uhuru, mwachie jambo zima aliamue, pamoja na uwezo wa kulitekeleza. Kumpa mtu jukumu la oda bila kumruhusu kumpigia msambazaji ni kumpa lawama tu.

Kwa hitaji la kuweza, kata kazi ngumu iwe vipande ambavyo atafaulu kimoja kimoja. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na kufaulu kwake mwenyewe kuliko na maneno ya kumtia moyo. Fundi anayeogopa geti apewe dirisha dogo, alimalize lote, kisha kubwa zaidi. "Wewe unaweza!" haichomelei chuma.

Kwa usalama, tarehe ya mshahara isiyobadilika ina thamani kuliko nyongeza inayokuja siku yoyote. Akiba nayo husaidia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walionyesha mwaka 2013, kwa utafiti wa magharibi mwa Kenya, kwamba kuwapa watu mahali salama pa kuweka fedha pekee kuliongeza akiba yao ya afya kwa asilimia 66. Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, lenye kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mwenye fedha. Usiwe wewe benki ya wafanyakazi wako. Siku mtakayogombana, akiba yao itakuwa mateka.

Kuhusu mafungamano na heshima sina mapishi, kwa sababu kila nyumba ina lake. Nitasema tu kwamba kumwita mtu kwa jina analolipenda hakugharimu chochote, na kwamba karamu ya Desemba haifuti matusi ya Machi.

Ukishachagua, mpatane kwa maneno ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Peter Gollwitzer amechunguza mipango ya namna hii kwa miaka mingi, na imeonekana kuwasaidia watu kutenda walilokusudia kuliko nia ya jumla kama "nitajitahidi". Kule hotelini waliandika hivi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la stoo: "Unga ukibaki mfuko mmoja, mpishi ataagiza kabla ya saa kumi jioni." Ufunguo ulirudi ukiwa na daftari hilo, ambamo mpishi anaandika kila anachotoa. Daftari halikuwekwa kwa mpishi peke yake; mama naye huandika akichukua sukari ya nyumbani, na nadhani hilo ndilo lililoliokoa.

Tazama pia wakati wa kuanza. Huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona kwamba wakulima wengi zaidi walitumia mbolea walipopewa nafasi ya kuinunua mara tu baada ya mavuno, wakati fedha zingali mkononi, na kupelekewa bila nauli. Watu walikuwa na nia tangu mwanzo. Kilichokosekana ni nafasi kuwafikia wakati nia ina nguvu. Anza badiliko lako siku ya utulivu, wiki ambayo mshahara umeingia, na usianze Januari kama unauza sare za shule.

Utajua umefaulu ikiwa mtu mgeni akiingia anaweza kukiona kilichobadilika: ufunguo, tarehe, jina ubaoni, geti lililokamilika.

## Hatua ya 6: Toa zawadi baada ya kazi, usiitangaze kabla

Hili nililijifunza kwa gharama yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na karakana ndogo ya kufuma sweta za shule hapa Nakuru, yenye mashine nne. Wafumaji walikuwa wazuri. Walikuwa wakibishana wenyewe kuhusu unyofu wa ukosi, na mmoja aliwahi kufumua sweta nzima kwa sababu ya mstari mmoja. Msimu mmoja nikatangaza shilingi 50 kwa kila sweta ya ziada. Idadi ilipanda. Ubishi kuhusu ukosi ukaisha siku ya tatu, na nilifurahi kwa ukimya huo. Mwezi wa pili sweta zilirudi zikiwa zimefumuka kwapani, nami nikaondoa zile hamsini. Idadi ikashuka chini ya pale ilipokuwa kabla ya kutangaza.

Deci alikuwa ameliona jambo hili mwaka 1971. Wanafunzi waliolipwa dola moja kwa kila fumbo walilotatua, malipo yalipokoma, waliyachezea mafumbo hayo wakati wa mapumziko kwa muda mfupi kuliko walivyofanya kabla ya kulipwa. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliona jambo kama hilo kwa watoto wadogo wanaopenda kuchora: walioahidiwa cheti walipungukiwa na hamu ya kuchora baadaye, ilhali waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa.

Kwa hiyo kama kazi ina utamu wake, usiitundikie bei. Mtu akifanya vizuri, mwambie siku hiyo hiyo na utaje kitu chenyewe: "Kona za geti lile zimekaa sawa, mteja amepitisha mkono akanyamaza." Ukitaka kumpa fedha, mpe baadaye, bila ratiba. Kazi zisizo na utamu wowote, kama kuosha masufuria yaliyoungua au kupakua saruji, unaweza kuzitangazia malipo ya ziada bila hofu; hakuna hamu ya ndani ya kuharibu hapo.

## Hatua ya 7: Pima baada ya siku 21

Rudia hatua ya 1 kwa wiki moja, ukitumia daftari lile lile, ulinganishe saa na matukio. Usiulize "unajisikiaje sasa?", kwa kuwa atakujibu unachotaka kusikia.

Kama hakuna kilichobadilika, huenda ulitambua hitaji lisilo lenyewe. Rudi hatua ya 4, mara moja. Ikishindikana mara ya pili, fikiria kwamba jambo haliko kazini. Huzuni ya kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi, kutokula, au kusema kwamba hakuna haja ya kuishi si suala la ari. Mtu huyo anahitaji daktari, na kazi yako ni kumpa ruhusa ya kwenda hospitali na ikiwezekana kumsindikiza. Akizungumzia kujiua, usimwache peke yake siku hiyo. Msiba wa karibu nao hauna ratiba ya siku 21.

Wapo pia ambao hitaji lao haliwezi kupatikana kwako. Kijana anayetaka kuwa na karakana yake hatatulia kwa kupewa ufunguo wa yako. Mwambie hivyo, mkubaliane muda, na umfundishe kwa uwazi hadi siku ya kuondoka. Atafanya kazi vizuri zaidi katika miezi hiyo kuliko ukijifanya hujui.

Kule Kibuye, siku ya ishirini na moja, daftari la mama lilikuwa na maneno "mlango wa stoo" mara moja tu, na mara hiyo mpishi alikuwa akiingia. Miezi minne baadaye mpishi aliomba nyongeza tena. Mama aliuliza lile swali la kesho asubuhi, naye akajibu bila kusita: mtoto wa kwanza anaingia sekondari, na shilingi 6,000 za karo bado hazijapatikana. Safari hii kilichopungua kilikuwa fedha, na walikaa mezani kupanga fedha.